Tumwekee Kirilo Japhet maneno gani kinywani?

SWALI: Nafundisha Historia katika sekondari moja ya Arumeru, si mbali na Usa River. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanataka kutengeneza mchezo wa kusikiliza, kama ile ya redioni, kuhusu Wameru walivyoondolewa kwa nguvu Ngarenanyuki mwaka 1951 na jinsi Kirilo Japhet alivyolifikisha shauri lao Umoja wa Mataifa. Tungependa wazazi wausikie siku ya mahafali, kisha tubaki nao kwa kufundishia. Tumekwama. Mwalimu mwenzangu anasema tusibuni hata neno moja kwa kuwa hii ni historia. Wanafunzi wanasema bila kubuni hakuna mchezo. Na darasani mwangu wamo wajukuu na vitukuu wa watu waliochomewa nyumba. Tushike lipi? Na je, mwishoni tuweke furaha ya uhuru wa 1961?

JIBU: Mwalimu, kila anayeandika mchezo wa matukio ya kweli hukwama hapo ulipokwama, na nafurahi mmekwama kabla hamjarekodi. Mwenzako ana hoja na wanafunzi wana hoja. Yeye analinda maneno ya waliokuwepo, wao wanadai pumzi ya mchezo. Vyote viwili vinapatikana mkikubaliana jambo moja: mnaweza kubuni watu, lakini msibuni maneno ya mtu aliyeishi kweli na ambaye jina lake limo kwenye kumbukumbu. Na kila mlichobuni, msikilizaji akitambue kwa sikio lake wakati uleule anapokisikia.

Hilo la sikio nalikazania sana. Anayeandika kitabu ana alama za kunukuu na tanbihi. Anayeandika kwa ajili ya jukwaa ana utangulizi na karatasi ya maelezo mlangoni. Ebrahim Hussein alipoandika Kinjeketile, tamthilia ya Vita vya Maji Maji iliyotoka mwaka 1969, aliweka wazi kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni mtu wa ubunifu, hata kama matendo yake yanafanana na ya yule wa historia. Msomaji alikuwa na mahali pa kuyakuta maelezo hayo. Mchezo wa sauti hauna ukurasa wa mbele. Mtu ataukutia katikati, kipande cha dakika mbili alichotumiwa na shemeji yake kwenye kundi la ukoo, akiwa ndani ya daladala. Akisikia sauti nzito ikisema "Mimi Kirilo nawaambieni," ataamini kwamba Kirilo aliyasema hayo. Mwakani mwanafunzi wa shule nyingine atayaandika kwenye mtihani kama nukuu, na hakutakuwa na mtu wa kumlaumu ila ninyi.

Sasa tutazame mlichonacho, maana mna utajiri mkubwa kuliko mnavyodhani. Mwaka 1946 serikali ya Kiingereza ilimkabidhi Jaji Mark Wilson tume ya kuchunguza ardhi za Arusha na Moshi. Tume ikapendekeza eneo lililo kati ya Mlima Meru na Kilimanjaro liwe la walowezi wa Kizungu mfululizo, na Wameru waliokuwa Ngarenanyuki wahamishiwe King'ori. Novemba 1951 serikali ikatekeleza. Watu wapatao 3,000 waliondolewa, nyumba zikachomwa, mifugo ikaswagwa, na ardhi ikatengwa kwa ajili ya mashamba 13 ya walowezi. Wameru hawakuinua silaha. Walikataa kuhama kwa hiari yao na wakakataa fidia. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York, na vilevile Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, wakasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, yaani Uingereza iliitawala chini ya usimamizi wa Umoja wa Mataifa. Shauri likapanda hadi Baraza Kuu. Desemba 1952 azimio la kuwaunga mkono Wameru likakosa theluthi mbili ya kura.

Angalia kilichomo humo. Kuna hati za serikali, kuna ripoti ya tume, kuna kumbukumbu za vikao vya Umoja wa Mataifa ambazo nyingi zinasomeka bure mtandaoni, kuna kitabu ambacho Japhet na Seaton wenyewe walikiandika kuhusu kesi hiyo kikachapishwa mwaka 1967, na kuna wazee. Aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1951 sasa amevuka themanini. Matukio machache ya ukoloni katika mkoa wetu yana pande nyingi hivi zilizoacha maneno yake. Kwa hiyo msianze kwa kujiuliza mbuni nini. Anzeni kwa kujaza daftari na maneno yaliyopo, kila neno na lilikotoka, kisha mtaona matundu yako wapi. Ubunifu ukae kwenye matundu hayo tu.

Namna ya kuyatenganisha kwa sauti ni hii. Tengeni tabaka tatu na kila moja ipewe mazingira yake ya sauti, yasibadilike mchezo mzima. Tabaka la kwanza ni hati. Mpeni mhusika mmoja, karani, mwenye sauti isiyo na huzuni wala hasira. Kabla ya kila nukuu anataja hati na tarehe, na nyuma yake inasikika taipureta. Chumba chake ni kikavu, hakina mwangwi, hakina kuku wala upepo. Tabaka la pili ni kumbukumbu za wazee. Hapo kama mzee ameridhia, tumieni sauti yake mwenyewe, mliyoirekodi nyumbani kwake, na sauti za uani kwake ziachwe zisikike. Tabaka la tatu ni maonyesho ya kubuni, na hapo ndipo mazingira yote yanafunguka: ng'ombe, watoto, moto, mlango unaogongwa. Baada ya dakika tano za kusikiliza, hata mtoto wa darasa la nne ataelewa kwamba taipureta ikilia haya yameandikwa, na ng'ombe wakisikika haya tumeyatunga. Hamtahitaji kumweleza tena. Na kipande kikikatwa kikasambazwa, alama yake inasafiri nacho.

Hapa nataka uwe makini na mtego mmoja ambao umewaangusha waandishi wazuri. Kumbukumbu za vikao vya Umoja wa Mataifa ni za aina mbili. Zipo za neno kwa neno, na zipo za muhtasari. Muhtasari huandikwa kwa nafsi ya tatu na mwandishi wa kikao, naye hufupisha. Tuseme, kwa mfano ninaoutunga mimi hapa, muhtasari unasomeka: "Mwombaji alieleza kwamba familia ziliachwa bila makazi." Kishawishi ni kuigeuza sentensi hiyo iwe: "Familia zetu zimeachwa bila makazi!" na kumpa mwigizaji wa Kirilo aiseme kwa uchungu. Hapo mmeshabuni. Mmebuni nafsi, mmebuni uchungu, mmebuni hata ile alama ya mshangao. Mwacheni karani aisome kama ilivyo, "mwombaji alieleza kwamba," kisha mkate moja kwa moja hadi Ngarenanyuki, kwenye onyesho la kubuni ambalo familia isiyo na jina kwenye hati inatafuta pa kulaza watoto. Ubaridi wa karani ukikutana na sauti ya mtoto anayelia kwa baridi, msikilizaji atafanya kazi ambayo mlitaka mwigizaji aifanye, na ataifanya vizuri zaidi.

Je, Kirilo asisikike kabisa? Asikike, kwa maneno yake. Kitabu chake kipo, na pale kumbukumbu zinapotoa maneno yake neno kwa neno, mpeni mwigizaji ayaseme kwa ukamilifu, msimpunguzie. Katika maonyesho ya kubuni anaweza kuwepo kwa namna mbili. Anaweza kusalimiwa na kuitikia, maana hakuna atakayedai kwamba kijana wa Kimeru hakumwamkia mzee. Au watu wengine wanaweza kumzungumzia: mama anayetoa mchango wake wa nauli, jirani anayetilia shaka kama mtu mmoja anaweza kuvuka bahari na kusikilizwa. Asichoruhusiwa katika onyesho la kubuni ni kutoa maoni, kuahidi, kuogopa au kukiri. Hayo manne ni mali yake, na kama hakuyaacha kwenye maandishi sisi hatuna ruhusa ya kumpa.

Nafahamu wanafunzi watalalamika kwamba shujaa wao ananyamaza mno. Waambieni waandike onyesho la usiku wa kuondoka kwake kutoka nje ya nyumba, kwa masikio ya mtoto wa jirani anayeona taa inawaka ndani na kusikia watu wanazungumza kwa sauti ya chini asiyoielewa. Sauti ina uwezo huo kuliko jukwaa na kuliko picha. Mchezo wa kwanza ulioandikwa mahususi kwa ajili ya redio ya BBC, Januari 1924, uliwekwa ndani ya mgodi wa makaa ambao taa zake zimezimika. Tangu mwanzo kabisa watu wa fani hii walijua kwamba kutoona ndiyo nguvu yake, na asiyeona huwa na shauku ya kujua.

Tuje kwa watu wa kubuni, na hapa Arumeru ina jambo lake ambalo mwongozo wa mahali pengine hautakwambia. Majina yetu ya mwisho ni majina ya koo. Mkimbuni mtu aliyewapelekea serikali habari za jirani zake, mkamwita Mbise, au Kaaya, au Pallangyo, au Nasari, hamjambuni mtu mmoja. Mmeushtaki ukoo mzima mbele ya mahafali, na nusu yao wamekaa viti vya mbele. Hata mhusika mwema mkimpa jina la ukoo, wengine watauliza kwa nini wao na si sisi. Tumieni majina ya ubatizo peke yake, Eliakimu, Ndeshi, Anaeli, au waiteni kwa nafasi zao: Mama Mdogo, Fundi, Mshili. Huyo mshili, kiongozi wa ukoo, ni mhusika mzuri sana kwa mchezo wenu, kwa sababu yeye ndiye anayebanwa katikati: watu wake wanamtazama, na serikali nayo inamtazama. Msitaje ni mshili wa ukoo upi.

Na wahusika wasizidi wanne au watano wenye uzito. Sikio haliwezi kushika sauti nane za wanaume wa makamo. Chagueni sauti zinazopishana: bibi, mtoto, mwanamume mwenye sauti ya kukwaruza, msichana anayezungumza haraka. Waitane majina katika sentensi za mwanzo za kila onyesho.

Halafu, Mwalimu, mpeni afisa wa serikali hoja yake iliyo bora. Nakuomba sana usikubali Mzungu wa mchezo aingie akifoka tu. Serikali ilidai kwamba King'ori imetayarishwa, kwamba pori limefyekwa kupunguza mbung'o na maji yamewekwa, na kwamba Wameru wangefaidika. Wameru wakasema King'ori ni chini, ni joto, ina maradhi ya watu na ya mifugo, na juu ya yote, kwamba hakuna aliyewauliza. Huo ni ubishi wa kweli, na wanafunzi wakiusikia wote mbele ya mshili ndipo wataelewa ukoloni ulivyofanya kazi: kwa ripoti, kwa bajeti, kwa maneno ya maendeleo, kisha kwa kiberiti. Afisa anayefoka anamfundisha mtoto kwamba dhuluma hutambulika kwa kelele. Afisa anayeeleza kwa upole, na karatasi mkononi, atamtia mtoto hasira ya kufikiri. Maneno yake mtayapata kwenye ripoti na majibu ya Uingereza mbele ya Baraza. Kwa kuwa mtayabeba katika mdomo wa afisa asiye na jina, ni tabaka la tatu, hivyo ng'ombe wasikike.

Jambo ambalo karibu kila kundi hulisahau ni kwamba sauti za mazingira nazo ni madai ya kihistoria. Mlio mmoja wa bunduki mkiuweka bila ushahidi, mmeandika historia mpya ya Ngarenanyuki, na hakuna neno hata moja lililosemwa. Hata mvua. Novemba ni msimu wa vuli, kweli, lakini Ngarenanyuki iko upande mkavu wa mlima, kaskazini mashariki. Msipige radi kwa sababu inapendeza masikioni. Kama hakuna hati wala mzee anayetaja mvua siku ile, wekeni upepo. Kwenye daftari lenu la ushahidi tengeni ukurasa wa sauti: moto wa mapaa ya nyasi, umetajwa wapi, malori, yametajwa wapi, kengele za ng'ombe, nani kasema. Wanafunzi wataona ni kazi ya kuchosha, lakini watakaposoma chanzo wakitafuta kilichosikika badala ya kilichotokea, watakisoma kwa umakini ambao hujawahi kuuona kwao.

Kukataa kimyakimya kuna ugumu wake kwa mchezo wa sauti, maana watu ambao hawapigi kelele hawasikiki. Ushauri wangu ni kuwafanya wanaoondoa ndio wasikike: hatua, amri, injini, vitu vinavyobebwa, na kila swali linaloulizwa lisijibiwe. Wapeni wasikilizaji sekunde tano kamili baada ya swali. Sekunde tano bila jibu ni nyingi mno kwenye spika, na wazee walioko ukumbini watazielewa.

Kuhusu lugha, msiogope Kimeru. Bibi aongee Kimeru na mjukuu amjibu kwa Kiswahili kwa namna ambayo swali linaeleweka kutoka kwenye jibu, kama tunavyofanya majumbani. Kwa ukumbi wa New York, Kiingereza kianze, kishuke, kisha sauti ya mfasiri wa kwenye vifaa vya masikioni ipande juu yake kwa Kiswahili. Msikilizaji atajua yuko mbali na nyumbani. Mkitafsiri nukuu wenyewe, karani aseme mwishoni nani ametafsiri. Na nukuu za kitabu cha 1967 ziwe fupi: Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mwandishi hadi miaka 50 baada ya kufariki kwake, kwa hiyo mkitaka kusambaza rekodi yenye kurasa nzima za kitabu hicho, tafuteni idhini ya wenye haki.

Wazee. Nendeni kwao na mtu anayewafahamu, na sukari na majani ya chai, msiende na orodha ya maswali kumi na tano. Siku ya kwanza msirekodi. Elezeni mnataka kufanya nini, na kwamba wazazi na wanafunzi wataisikia sauti yao. Wengine watakataa sauti yao isitumike lakini watawaruhusu mtumie habari, hapo mwigizaji aseme, na karani atangaze: "Maneno ya mzee mmoja wa Ngarenanyuki, yamesomwa na mwanafunzi." Wazee wawili wakipishana, kwa mfano mmoja akisema walioleta moto walikuwa askari na mwingine akisema walikuwa vibarua, wawekeni wote wawili mmoja baada ya mwingine. Usijaribu kuwapatanisha. Kwa somo la historia, huo ndio wakati wenye thamani kubwa katika mchezo wote, kwa sababu mwanafunzi analazimika kujiuliza kila mmoja alikuwa amesimama wapi, alikuwa na umri gani, na amesimuliwa nini tangu hapo. Mzee akitaja jina la mtu aliyesaliti, shukuruni, andikeni faraghani mkipenda, na jina hilo lisiingie kwenye mchezo. Mtu huyo hana nafasi ya kujibu, na watoto wa watoto wake wanavaa sare ileile na wanafunzi wako.

Mtakaponogewa mtataka kufanya mingine, kwa hiyo niseme machache kuhusu mawili yaliyo karibu nasi ambayo watu huniuliza mara kwa mara. Kunyongwa kwa Mangi Meli, mtawala wa Wachagga, kule Old Moshi, tarehe 2 Machi 1900, ni tukio ambalo hati zake karibu zote ziliandikwa na Wajerumani, na upande wa pili umebaki kwenye simulizi. Wazee wa Old Moshi husimulia kwamba alikaa kitanzini muda mrefu mno kabla ya kukata roho. Hilo lisikike kama simulizi, kwa sauti ya msimulizi, na lisigeuzwe kuwa onyesho la mtu anayekoroma. Heshima ya maiti ambayo familia imekuwa ikidai fuvu lake lirudishwe kutoka Ujerumani inadai hivyo.

La pili ni Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyofanya kazi hapa Arusha tangu 1995 hadi ilipofungwa mwisho wa mwaka 2015. Kumbukumbu zake zinatunzwa Lakilaki, na maandishi ya kesi ni mengi kuliko darasa linavyoweza kusoma. Lakini mashahidi wengi walilindwa kwa kupewa herufi badala ya majina, na ninyi msijaribu kukusanya vijidokezo vya kumtambua shahidi hata kama mnadhani mmempata. Jingine ni hili: Desemba 2003 mahakama hiyo iliwatia hatiani watu wa vyombo vya habari, wakiwemo waanzilishi wa redio iliyochochea mauaji. Mkiigiza matangazo yale kwa ufasaha, kipande kitakatwa na kitazunguka kikiwa peke yake, kikiwa tangazo tena. Kama lazima yasikike, yapitie kwenye mdomo wa shahidi anayekumbuka, au kwenye hukumu inayosomwa. Kwa kidato cha tatu mimi nisingeanza na hilo.

Tukirudi kwenu. Kwa upande wa ufundi hamhitaji studio. Simu mbili nzuri, programu ya bure ya kuhariri kama Audacity, na chumba kilichojaa magodoro ya bweni vinatosha. Adui zenu ni paa la bati wakati wa mvua na bodaboda za barabara ya Moshi. Rekodini alfajiri. Mswada uhesabuni kwa maneno 110 hadi 130 kwa dakika, kwa hiyo mchezo wa dakika ishirini na tano, ukitoa muziki, sauti na kimya, ni maneno kama 2,500. Watoto wataleta 6,000. Punguzeni maonyesho ya kubuni kwanza, hati baadaye.

Siku ya mahafali napenda mfanye hivi: karani akae mezani mbele ya watu, asome hati kwa mdomo wake, anaonekana, karatasi anaonekana nazo. Maonyesho ya kubuni yatoke kwenye spika au nyuma ya pazia. Sauti za wazee zitoke kwenye spika, na mzee mwenyewe kama yupo atambulishwe mwishoni. Hata ambaye hakuzingatia taipureta ataona mpaka uko wapi.

Kwa kufundishia, mswada uwe na herufi pembeni ya kila mstari: H kwa hati, S kwa simulizi, B kwa ubunifu. Lakini msiwape wanafunzi mswada wenye herufi siku ya kwanza. Wasikilize kwanza, waandike wenyewe wanachodhani ni H, S au B, kisha wafungue na walinganishe. Baadaye wapeni ukurasa mmoja wa kumbukumbu za Baraza na uwaambie waandike onyesho la B linaloweza kukaa kabla yake. Wawili wataandika maonyesho yanayopingana kutoka kwenye ukurasa uleule, na kipindi kitakuwa kimejiendesha. Somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili, kwa hiyo wenzenu wa shule nyingine wanaweza kuutumia mchezo bila kutafsiri chochote. Wapeni sauti pamoja na mswada wenye herufi, msiwape sauti peke yake.

Umeuliza pia kama mwishoni muweke furaha ya uhuru wa 1961. Mimi ningeacha. Watu wa Ngarenanyuki mwezi Desemba 1952 hawakujua kwamba uhuru unakuja; walijua tu kwamba kura hazikutosha. Malizieni kwenye kura, karani akisoma matokeo, na yale ya baadaye yawe kazi ya darasani. Kabla ya hapo, kabla hata ya kurekodi neno moja, mswada mzima usomwe kwa sauti mbele ya wazee waliowapa habari, mahali wanapochagua wao, na penseli iwe mkononi mwa mwanafunzi. Tengeni siku mbili kwa kazi hiyo, kwa sababu siku ya kwanza watasikiliza tu, na watakayotaka kuyarekebisha watayasema wakiwa wameyalalia.